Gari ya kilomita 500, utaichaji saa ngapi?

Ukiwa na gari ya umeme hapa Nairobi swali la kwanza utakaloulizwa ni lile lile tu, iwe uko petroli stesheni unajaza upepo, iwe ni harusi, iwe ni matanga: "Hii inaenda kilomita ngapi?" Ukitaja namba watu wanaipima hapo hapo kichwani, itafika Nakuru, itafika Mombasa, itafika ushago kwa mama na kurudi? Ni swali la maana na huwa nalijibu kwa roho safi. Lakini kuna lingine linalofuata nyuma yake ambalo sijawahi kusikia mtu akiniuliza: utaichaji saa ngapi, na wapi? Manake renji, yaani kilomita gari inazoenda kwa chaji moja, ikiongezeka, kabla hata safari zako hazijabadilika, usiku wako ndo unabadilika kwanza.

Tuangalie tulikotoka. Nissan Leaf ya kwanza kabisa, ile iliyoanza kuuzwa mwisho wa 2010, ilikuwa na betri ya yuniti 24, yuniti zilezile za tokeni za stima tunazonunua kwa simu (yuniti moja ni kilowati moja kwa saa moja). Wamarekani waliipima wakaipa kilomita 117. Ya 2018 ikaja na yuniti 40, wakaipa 243, kisha ikafuata ile ya yuniti 62 iliyofika 363. Huko juu kwa wenye pesa, Tesla Model S ilipimwa 426 mwaka 2012, na miaka kumi haijaisha Lucid Air ikapimwa 837. Halafu Desemba 2023 mkubwa wa kampuni ya NIO kule China, William Li, akaingia kwa gari ya betri ya yuniti 150 akaendesha kilomita 1,044 bila kuchaji, watu wakimtazama laivu kwa intaneti. Yaani kwa muda wa mtoto kuzaliwa na kumaliza shule ya msingi tumetoka gari ambayo haitoki Nairobi ikafika Nakuru kwa chaji moja hadi gari inayoweza kwenda Mombasa na kurudi.

(Na kama unaagiza gari Japan, chunga sana hizo namba. Leaf ya yuniti 40 kwa karatasi za kipimo cha zamani cha Kijapani, JC08, imeandikwa kilomita 400. Gari hiyo hiyo, betri hiyo hiyo, Wamarekani wanaipa 243. Muuzaji atakuonyesha ile ya 400, na hajadanganya, ni vile kipimo chenyewe hakikujua barabara zetu. Mimi naenda na ya Wamarekani, halafu natoa tena kidogo kwa sababu betri imezeeka.)

Sasa ngoja nieleze maisha ya gari ya renji fupi, manake ndo ninayoendesha, Leaf ya yuniti 40 ya mkono wa pili. Mtu wa Kitengela akienda mjini na kurudi ni kilomita 60 na kitu, wa Thika ni karibu 90. Kwa ile ya yuniti 24 ambayo imeshapoteza vijiti vitatu vinne vya betri kwa dashibodi, hiyo safari moja ndo siku imeisha, ukifika nyumbani unachomeka waya kabla hata hujavua viatu, hakuna kufikiria. Kwa yangu bado napata nafasi ya kupumua, lakini mazoea ni hayo hayo, kila jioni nikiingia geti jicho linaenda kwa soketi kwanza, nani ameegesha hapo, stima iko. Kichwa chako kinabeba hesabu ya kesho muda wote: kesho nampeleka mtoto Machakos, basi leo lazima ijae. Ukipata safari ya ghafla ya eapoti usiku, hesabu yote inavurugika.

Shemeji yangu alichukua gari ya yuniti 60 na kitu, na tulipokutana nikamuuliza kuhusu kuchaji.

"Shem, sijui hata nikwambie nachaji siku gani," akasema. "Nikikumbuka nachaji. Wikendi mara nyingi."

"Na wikendi unachajia wapi?"

"Kwa mall. Jumamosi jioni tukienda shoping na watoto."

Hayo majibu yake mawili yamenikaa kichwani kwa muda mrefu, manake ndani yake kuna raha yote ya renji ndefu na pia shida yote inayokuja.

Raha yenyewe nadhani watu wengi wanaielewa nusu. Watu wanadhani betri kubwa inadai chaja kubwa. Nimesikia mtu akisema "hiyo gari ya yuniti 80 huwezi kuichaji nyumbani, itachukua siku mbili." Lakini hakuna anayechaji betri yote kila siku, unarudisha ulichotumia tu. Ukiendesha kilomita 400 kwa wiki unatumia yuniti kama 64, na hiyo ni sawa tu iwe betri yako ni ya 24 au ya 100, kilomita ni zile zile. Soketi ya kawaida ya ukutani ikitoa ampia 10 inakupa kama kilowati mbili na nusu hivi. Ukiiwasha saa nne usiku ukaitoa saa kumi na mbili asubuhi umepata yuniti 18 au 19, hizo ni kilomita kama 115. Kwa hivo soketi moja ya kawaida, ile ya pasi na birika, inamtosha mtu wa Thika anayekuja mjini kila siku na inabakisha.

Tofauti iko kwa siku mbaya. Mwenye betri ndogo akipata siku ya kilomita 200 inabidi atafute chaja ya haraka katikati ya kazi, asubiri, alipe bei ya juu. Mwenye betri kubwa siku hiyo anaimeza tu, halafu soketi yake ya polepole inamrudishia kidogo kidogo usiku mbili tatu zinazofuata. Betri kubwa inafanya soketi ndogo itoshe. Hii ndo sababu napenda renji ndefu, kuliko hata Mombasa.

Tena betri yenyewe inapumzika. Kwa mwaka wa kilomita 20,000 unatumia yuniti kama 3,200. Betri ya yuniti 24 itajazwa na kumalizwa mara 133 kwa huo mwaka, ya 62 ni mara 52 tu. Na hata huhitaji kuijaza pomoni, unaweza kuiacha kati ya asilimia 40 na 80 mwaka mzima, na betri nyingi za kemia ya nikeli hupenda sana hapo katikati (zile za LFP, za chuma na fosfeti, ni tofauti, hizo Tesla wenyewe wanakuambia ujaze 100 angalau mara moja kwa wiki ili gari ijue vizuri kiasi kilichobaki). Mwenye Leaf ya zamani hakuwa na hiyo chaguo, kila siku alikuwa anaisukuma kutoka juu kabisa hadi chini kabisa, na hiyo ni sababu moja nyingi zilifika hapa zikiwa zimechoka.

Sasa turudi kwa jibu la pili la shemeji, Jumamosi jioni kwa mall.

Stima yetu Kenya ina tabia yake. Karibu nusu inatoka ardhini, mvuke wa Olkaria kule Naivasha, na mvuke haulali, unatoka saa nane mchana na unatoka saa nane usiku. Ikifika usiku wa manane watu wamelala, viwanda vingi vimezima, matumizi yanashuka sana, na mvuke mwingine unaachiliwa tu hewani bila kuzungusha tabaini yoyote. Lakini saa moja jioni, saa mbili, kila nyumba inapika, tivi zimewaka, birika za kuoga zimewaka, na hapo ndo mitambo ya mafuta kama ya Kipevu na Thika inaitwa kazini kuziba pengo. Kwa hivo yuniti moja ya saa tisa usiku na yuniti moja ya saa mbili jioni hazifanani hata kidogo, moja ingepotea hewani na nyingine imechomewa mafuta yaliyokuja kwa meli.

Serikali inajua. Aprili 2023 mdhibiti wa kawi, EPRA, alileta bei maalum ya magari ya umeme: shilingi 16 kwa yuniti kwa saa za kawaida na shilingi 8 usiku, kabla ya makato na ushuru, na huo usiku unaanza saa nne hadi saa kumi na mbili asubuhi. Nusu bei! Mabasi ya umeme ya BasiGo yalipoanza kubeba watu hapa Nairobi 2022 yalikuja na renji ya kilomita 250, ikawa yanachajiwa usiku kwa depoti na kuongezwa kidogo mchana abiria wakiwa wachache. Hiyo ni akili nzuri sana, na imewezekana kwa sababu basi lina depoti, lina mita, lina mtu wa kazi ya usiku.

Mimi na wewe tuna nini? Tuna tokeni. Na tokeni ya nyumbani haijui saa. Ukichaji saa mbili jioni au saa tisa usiku unakatwa sawa. Kuna kitu kibaya zaidi hapo ambacho wengi hawajakiona: bei za nyumbani zimepangwa kwa ngazi, anayetumia yuniti 30 kwa mwezi kwenda chini, anayetumia hadi 100, na anayepita 100. Gari ikienda kilomita 1,000 kwa mwezi inakula yuniti kama 160 peke yake. Hata kama ulikuwa unaishi chumba kimoja na balbu tatu, siku unanunua gari ya umeme umeruka ngazi hadi ya bei ya juu kabisa, na sasa hata chai yako unapikia kwa bei hiyo.

Kwa hivo angalia vile mambo yanaenda. Mwenye renji fupi analazimika kuchaji kila usiku, anapenda asipende, na hata akichomeka jioni, sehemu nzuri ya chaji yake inaangukia saa ambazo nchi ina stima ya ziada. Mwenye renji ndefu amepewa uhuru wa kuchagua, na asipopewa sababu ya kuchagua usiku, atachagua pale anapopita na watoto, Jumamosi jioni, Ijumaa akitoka kazi, chaja ya kilowati 60 au 120, saa ile ile Kipevu imeshawashwa. Shemeji si mtu mbaya, anafanya kile rahisi. Magari yakiwa machache haina shida, lakini yakiwa maelfu na yote yana renji ya wiki nzima na wenyewe wote wamezoea Ijumaa jioni, tutakuwa tumejenga foleni ya petroli upya na tumeiweka juu ya waya za stima zile zile zinazolemewa jioni.

Kuna wanaosema hii yote itaisha chaja zikiwa kasi. Machi 2025 BYD, kampuni ya magari ya China, walionyesha mtambo wa kilowati 1,000 ambao wanasema unaongeza kilomita 400 kwa dakika tano. Ni kazi ya ajabu ya uhandisi, nawapa heshima yao. Lakini piga hesabu ya kwetu. Mitambo yote ya upepo ya Ziwa Turkana, ile 365 unayoiona kwa picha, ikizunguka kwa nguvu zake zote inatoa megawati 310. Magari 310 yakichomekwa pamoja kwa chaja za namna hiyo yamemaliza Turkana yote. Magari 310 ni parking ya mall moja Jumamosi. Ningependa zaidi magari hayo 310 yakinywa polepole usiku, kilowati mbili mbili, ambapo yote pamoja hayafiki hata megawati moja.

Ndo narudi kwa soketi, na kwa wapangaji.

Wengi wetu hapa mjini hatuna nyumba zetu, tuko kwa ploti. Gari inalala parking ya chini, wewe unalala ghorofa ya nne, mita yako iko kwa korido. Ploti ninayokaa tulielewana na landlodi akaweka soketi moja parking na sabmita yake (mita ndogo ya kuhesabu stima ya hiyo soketi peke yake), nalipa mwisho wa mwezi pamoja na maji, ni mpango mzuri na keateka ameuelewa. Lakini nimeona ploti zingine mtu anashusha ekstensheni kutoka dirishani ghorofa ya tatu, waya mwembamba wa redio, mvua ikinyesha, inatisha. Waya ule ukibeba ampia 10 saa nane mfululizo unapata moto, plagi inayeyuka, na chini kuna watoto wanacheza. Tafadhali kama unafanya hivo acha, tafuta fundi aliyesajiliwa akuwekee laini yake na breka yake.

Hapa renji ndefu inamsaidia mpangaji kuliko mtu mwingine yeyote. Soketi moja parking ikiwa na magari matatu ya renji fupi ni vita kila jioni, nani ameanza, nani atolewe saa sita usiku. Magari hayo matatu yakiwa na renji ya kilomita 400 soketi moja inatosha kwa zamu kwa wasiopita kilomita 230 hivi kwa wiki, wewe Jumatatu na Alhamisi, yule Jumanne na Ijumaa, na hakuna anayeamka usiku. Zikiwa mbili ni starehe kabisa. Landlodi hahitaji kuchimba ukuta kuleta waya mkubwa wa chaja ya haraka, anahitaji soketi nzuri, sabmita, na kitu kidogo cha kuweka saa ili iwake saa nne usiku.

Na stima ikipotea? Wote tunaikumbuka ile Ijumaa ya tarehe 25 Agosti 2023 nchi nzima ilipozima na wikendi ikaanza gizani. Kwa gari ya renji fupi, usiku mmoja bila stima unamaanisha kesho huendi kazi, au unaenda na mathree. Kwa renji ndefu unaangalia dashibodi, asilimia 65, unaenda kulala. Japani tangu 2012 Leaf ilikuwa inaweza kurudisha stima ndani ya nyumba kwa mtambo wake maalum, wazo lililopata nguvu baada ya lile tetemeko na sunami ya 2011. Betri ya yuniti 60 kwa nyumba inayotumia yuniti tatu au nne kwa siku ni wiki mbili za taa na friji. Natamani sana tufike huko.

Haya, Mombasa, najua mnaingoja.

Ni kilomita kama 480, na barabarani kwa mwendo wa kawaida gari inakula yuniti 15 hadi 18 kwa kila kilomita 100, kwa hivo safari nzima ni yuniti 72 hadi 86. Kushuka ni nafuu, kurudi ndo kazi, manake Nairobi iko mita 1,700 na zaidi juu ya bahari. Kupandisha gari yenye watu na mizigo ya karibu tani mbili hadi huku juu peke yake ni yuniti kama tisa, hata kabla hujahesabu upepo na tairi. Leaf yangu haina kipoza betri, ikichajiwa haraka mara mbili kwa siku moja inapata joto na chaja inapunguza kasi, na ukishafika Tsavo unajua joto la huko. Gari ya yuniti 60 na kitu inahitaji kusimama mara moja, na hiyo mara moja utasimama tu, kwa gari ya aina yoyote ile. Mabasi yanasimama Mtito Andei tangu zamani kwa sababu iko karibu katikati na watu wanataka choo na chakula. Wengine wanasimama Makindu kwa hekalu la Masingasinga wanakaribishwa chakula bure. Nusu saa hiyo inatosha gari kutoka asilimia 10 hadi 80 kama chaja ni nzuri. Kwa hivo mimi sioni haja ya gari ya kilomita 1,000 kwa sababu ya Mombasa, mwili wa binadamu wenyewe hauna hiyo renji.

Desemba tu ndo inanipa wasiwasi, na renji ndefu haitaiponya. Kule China Oktoba 2021, wakati wa likizo yao kubwa ya kitaifa, kuna watu walingoja chaja masaa hadi manne kwa vituo vya haiwei, kwa sababu wote walisafiri siku moja. Sisi tarehe 22 na 23 Desemba tunajua Naivasha inavyokuwa, Gilgil, Salgaa, magari yamelala barabarani. Wote wakiwa wametoka na betri zimejaa, basi wote watazimaliza sehemu moja. Hapo ndo pesa za chaja za haraka ziende, Mtito, Voi, Nakuru, Eldoret, badala ya kurundikwa kwa maduka ya Westlands ambako kila gari iko karibu na kitanda chake.

Gari ninayotafuta sasa ni ya yuniti 60, si 90. Yuniti 30 za ziada ni bei ya ziada na kilo za ziada ninazobeba kila siku kwa jemu ya Thika Road ili nizihitaji mara mbili tatu kwa mwaka. Lakini 60 kwa kweli nazitaka, kwa ajili ya zile siku mbaya na kwa ajili ya kugawana soketi na majirani, manake wawili wameshaniuliza bei. Na nikiipata nitaendelea kuichomeka usiku hata kama haihitaji, asilimia kumi leo, ishirini kesho kutwa, saa nne ikishapita. EPRA na wa stima wakituletea tokeni ya usiku kwa bei ya usiku, mita ambayo inajua saa, nina uhakika hata shemeji ataacha mall. Nimeshamwandikia landlodi kuhusu soketi ya pili, nimemwekea na bei ya fundi na picha ya breka inayofaa, na amesema tukutane tarehe tano akija kuchukua kodi.